Nyumba za Opera za Wajerumani na Waliozimiliki

Kabla ya mwaka 1871 hapakuwa na dola moja yenye kuitwa Ujerumani, bali palikuwa na falme, milki za madyuki, himaya za maaskofu na miji huru, nyingine pana kama jimbo zima na nyingine ndogo hata mpanda farasi aliyeondoka kwake alfajiri aliweza kuwa amekwisha vuka mpaka kabla ya adhuhuri. Na kila mtawala, awe mkubwa au mdogo, alitaka jirani zake wamhesabu miongoni mwa watukufu. Wenye nguvu walionyesha ukubwa wao kwa majeshi. Wasiokuwa na majeshi ya kutisha waliuonyesha kwa makasri, kwa bustani, kwa wapiga muziki, na zaidi ya hayo yote kwa jumba la tamthilia na opera, yaani ule mchezo wa kuigiza ambao maneno yake huimbwa kwa ala nyingi tangu pazia lifunguliwapo hata lifungwapo. Kwa sababu hiyo nchi iliyochelewa kuliko Uingereza na Ufaransa kuwa taifa moja ilipata nyumba za namna hii hata katika miji midogo ambayo kwingineko isingalitarajiwa kuwa nazo, na mpaka leo Ujerumani ina nyumba za opera zenye waimbaji na wapiga muziki wa kuajiriwa zipatazo 80, hesabu isiyofikiwa na nchi nyingine yoyote.

Habari za nyumba hizo zote haziwezi kuenea katika makala moja, wala si kusudi langu kuziorodhesha. Ninalolifuatia ni jambo moja ambalo naliona kuwa ndilo kiini cha historia yao: jinsi anasa ya wenye enzi ilivyogeuka, kidogo kidogo na kwa gharama kubwa, ikawa mali ya watu wa mjini, nao wakaing'ang'ania hata pale ambapo moto na vita viliwapa kila udhuru wa kuiacha.

Jengo la kwanza la kudumu lililojengwa huko kwa ajili ya tamthilia ni Ottoneum la Kassel, alilolisimamisha Landgrave Moritz wa Hesse-Kassel kati ya mwaka 1603 na 1606, mtawala mpenda elimu aliyewakaribisha kwake waigizaji kutoka Uingereza. Vita vya Miaka Thelathini, vilivyozuka mwaka 1618, vilikomesha raha hiyo, na jengo likaingizwa katika kazi nyingine. Siku hizi ni makumbusho ya elimu ya viumbe.

Lakini chanzo cha jambo langu hakimo Kassel wala katika kasri lolote. Kimo Hamburg, mji wa bandari usiokuwa na mfalme, uliotawaliwa na baraza la wafanyabiashara na wanasheria wake wenyewe. Tarehe 2 Januari 1678, karibu na uwanja uitwao Gänsemarkt, lilifunguliwa jumba la opera ambalo halikuwa la mtawala yeyote: lilianzishwa na raia wenye uwezo, akiwemo mwanasheria Gerhard Schott, na mlango wake ulikuwa wazi kwa kila mwenye kulipa kiingilio. Venice ilikuwa imetangulia katika desturi hiyo tangu mwaka 1637, lakini katika nchi za Wajerumani lilikuwa ni jambo jipya. Opera ya ufunguzi, kazi ya Johann Theile, ilisimulia kuumbwa kwa Adamu na Hawa, kuanguka kwao, na kuinuliwa kwao tena. Nadhani waanzilishi walikichagua kisa hicho kwa busara, maana walijua kwamba mimbarani walikuwapo wasioridhika.

Na kweli hawakuridhika. Mchungaji Anton Reiser alitoa mwaka 1681 kitabu kikali cha kuilaani michezo ya jukwaani kuwa ni upotovu wa kipagani, na mchungaji mwenziwe wa mji uleule, Heinrich Elmenhorst, ambaye yeye mwenyewe alikuwa akitunga maneno ya opera, alimjibu mwaka 1688 kwa kitabu cha kuitetea. Msomaji wa pwani yetu, aliyezoea kusikia wanazuoni wakihitilafiana juu ya ngoma na taarabu, hataona ugeni katika mjadala huo: upande mmoja ulihofia roho za vijana, upande wa pili ulisema kuwa uzuri nao ni neema, na ilhali wenye elimu wakijibizana, watu waliendelea kununua tiketi.

Katika jumba hilo alifika mwaka 1703 kijana wa miaka 18, Georg Friedrich Händel, akaketi kwanza miongoni mwa wapiga fidla na baadaye kwenye kinanda. Rafiki yake Johann Mattheson, mwimbaji na mtunzi, alikuwa na mazoea ya kuimba katika opera yake mwenyewe ya Kleopatra, kufa jukwaani kwa umbo la Antonius, kisha kushuka kwenda kukishika kinanda na kuongoza sehemu iliyobaki. Tarehe 5 Desemba 1704 Händel alikataa kumpisha. Ugomvi ukatoka nao nje mpaka uwanjani, panga zikachomolewa mbele ya umati, na upanga wa Mattheson ukavunjika kwa kugonga kifungo cha chuma cha koti la Händel. Kabla ya mwaka kwisha walikuwa wamekwisha patana. Mwezi uliofuata ilichezwa Almira, opera ya kwanza ya Händel, ambamo nyimbo nyingine huimbwa kwa Kijerumani na nyingine kwa Kitaliano ndani ya mchezo mmoja, kwani hadhira ya Hamburg ilitaka kuelewa kisa na pia kusikia lugha ya mtindo. Jumba hilo lilidumu miaka 60. Lilifungwa mwaka 1738 kwa kulemewa na gharama, na hapo ndipo ulipodhihiri udhaifu wa nyumba ya raia wa zama zile: fedha ilipopungua, hapakuwa na hazina ya enzi ya kuziba pengo.

Makasri ndiyo yaliyokuwa na hazina, na katika nyumba za makasri zilizosalia sijui iliyo timilifu kuliko ile ya Bayreuth, mji mdogo wa Franken. Iliamriwa na Bibi Wilhelmine, binti wa mfalme wa Prussia na dada yake Friedrich wa Pili, aliyezaliwa mwaka 1709 na kulelewa katika matumaini ya kuolewa na mrithi wa ufalme wa Uingereza, kisha akaozwa kwa mrithi wa himaya hii isiyokuwa na uzito wowote katika mambo ya Ulaya. Asiyepewa ufalme mkubwa akaamua kuujenga kwa mbao na rangi. Alikuwa mtunzi wa muziki, opera yake Argenore ilichezwa mwaka 1740, alipiga ala, aliandikiana barua na Voltaire, na alipokuwa akimwandalia harusi binti yake wa pekee, Elisabeth Friederike Sophie, aliyeolewa na Duke Carl Eugen wa Württemberg mwaka 1748, alimpa Joseph Saint-Pierre kazi ya nje ya jumba, na kazi ya ndani akawapa mafundi wenye sifa kuliko wote wa zama hizo, Giuseppe Galli Bibiena wa Italia na mwanawe Carlo.

Nje ni mawe, tena mawe yenye haya, yaliyopangwa sawa na nyumba nyingine za barabara ile. Ndani ni mbao. Roshani tatu zilizopandana, nguzo, malaika, mashada ya maua na mataji, vyote vimechongwa na maseremala, vikasimamishwa ndani ya kuta bila kubanwa nazo, vikapakwa rangi ya marumaru na kunakshiwa kwa dhahabu, na juu yake ikatandazwa dari ya turubai iliyochorwa mbingu. Mkabala na jukwaa ipo roshani ya mtawala, yenye taji juu yake, na kila upande wa jukwaa pana kiroshani cha wapiga tarumbeta, ambao kazi yao ilikuwa kuutangaza ujio wa wenye enzi. Mishumaa ya ukumbini haikuzimwa mchezo ulipoanza, kwa kuwa aliyeingia humo alikuja kutazama na kutazamwa pia, na mavazi yake yalikuwa sehemu ya maonyesho sawasawa na mavazi ya waimbaji. Bibi Wilhelmine alifariki mwaka 1758, na opera za fahari zikafifia pamoja naye. Lakini kule kutotumika sana ndiko kulikoihifadhi nyumba hiyo, kwa sababu adui wa nyumba za namna hii ni moto, na moto huja pamoja na kazi. UNESCO iliiingiza katika urithi wa dunia mwaka 2012, na baada ya matengenezo ya miaka mingi ilifunguliwa tena Aprili 2018.

Yule mkwe wa harusi, Duke Carl Eugen, alikuwa na kasri lake Ludwigsburg, na katika jumba la tamthilia la kasri hilo imesalia mitambo ya jukwaa iliyoundwa mwaka 1758 na fundi Johann Christian Keim. Inafaa kuitazama kwa karibu, maana watu wengi hudhani kwamba kubadili mandhari mbele ya macho ya hadhira ni ufundi wa umeme. Chini ya sakafu limelazwa gogo refu la duara lenye kuzungushwa kwa nguvu za mikono. Kutoka kwenye gogo hilo kamba hukimbilia kwenye vigari vya mbao, na milingoti ya vigari hivyo hupenya nyufa zilizokatwa sakafuni na kutokea juu, ikibeba mbao zilizochorwa miti, nguzo au miamba. Watumishi wachache wazungushapo gogo, mbao za msitu hurudi ubavuni zote kwa pamoja na mbao za kasri hutokeza mahali pake kwa muda wa kuvuta pumzi chache, pazia likiwa wazi. Radi ilifanywa kwa mawe au matufe mazito yaliyobingirishwa katika mfereji wa mbao, upepo kwa pipa lililozungushwa chini ya kitambaa kilichovutwa. Mafundi wa jukwaa walihitaji mikono iliyozoea matanga, kamba na makapi, na baharia yeyote wa jahazi angaliielewa kazi hiyo siku ya kwanza.

Friedrich wa Pili naye, mara baada ya kukalia kiti cha ufalme, alimwamuru msanifu Knobelsdorff amjengee Berlin nyumba ya opera yenye kusimama peke yake, mbali na kasri, kwa umbo la hekalu la kale. Ilifunguliwa tarehe 7 Desemba 1742, kabla ya ujenzi kwisha, kwa opera ya Carl Heinrich Graun. Mfalme alilipa kila kitu, hakuna aliyetozwa kiingilio, na kwa sababu hiyohiyo hakuna aliyekuwa na haki ya kuingia: aliingia aliyealikwa.

Katika karne hiyohiyo raia wa Hamburg walijaribu mara ya pili. Mwaka 1767, palepale Gänsemarkt, walianzisha jumba walilolipa jina la taifa, wakamwajiri Gotthold Ephraim Lessing awe mshauri na mhakiki wao. Likafa mwaka 1769, na Lessing akaandika kwa uchungu kwamba walitaka kuwapa Wajerumani jumba la taifa ilhali Wajerumani wenyewe hawajawa taifa. Fikra hiyo hata hivyo haikufa. Mannheim ilifungua jumba la taifa mwaka 1779, chini ya ulinzi wa mtawala wake, na tarehe 13 Januari 1782 hapo ndipo ilipochezwa kwa mara ya kwanza tamthilia ya Friedrich Schiller iitwayo Die Räuber, habari za kijana anayeasi dhulma, ambayo Schiller mwenyewe alikwenda kuitazama kwa siri, bila ruhusa ya mkuu wake, naye si mwingine ila Duke Carl Eugen. Baada ya hapo Schiller alikatazwa kuandika tamthilia, akakimbia. Nyumba zilizojengwa kwa fahari ya watawala zilikuwa zimeanza kusema maneno ambayo watawala hawakupenda kuyasikia.

Karne ya kumi na tisa ilikuwa karne ya moto. Taa za mafuta na baadaye za gesi, mapazia makavu, kamba, rangi, mbao za kila namna: jambo la kustaajabisha ni kwamba chochote kilisalimika. Nyumba ya Berlin iliungua Agosti 1843 na kujengwa upya kwa mwaka mmoja. Jumba la taifa la München, lililokuwa halijatimiza miaka mitano, lilishika moto jioni ya tarehe 14 Januari 1823 mchezo ukiendelea. Baridi ilikuwa kali hata maji ya kuzimia yaliganda, na inasimuliwa kwamba bia ililetwa kutoka viwandani ikamwagwa motoni, lakini haikufaa kitu. Mfalme Maximilian Joseph wa Bavaria hakulijenga tena kwa mali yake peke yake. Ushuru wa bia ulichangia gharama, kila mnywaji akitoa senti yake katika kila kikombe, na tarehe 2 Januari 1825 milango ikafunguliwa. Kwangu mimi siku hiyo ni muhimu kuliko nyingi zinazosherehekewa katika vitabu, kwani jumba lilibaki na jina la mfalme, lakini mchukuzi na mwashi wa München sasa alikuwa na hisa ndani yake.

Dresden ilipata nyumba yake mwaka 1841 kwa mkono wa Gottfried Semper. Juu ya jukwaa iliwekwa saa ya ajabu, kazi ya mtengeneza saa Gutkaes na mwanafunzi wake Ferdinand Adolph Lange, isiyokuwa na mishale: tundu moja lilionyesha saa kwa herufi za Kirumi, la pili lilionyesha dakika kwa tarakimu, zikibadilika kila baada ya dakika tano, ili aliyeketi roshani ya juu kabisa aweze kuisoma bila taabu. Humo ndimo Richard Wagner, aliyekuja kuwa mwajiriwa wa mfalme, alipoonyesha Rienzi mwaka 1842, Der fliegende Holländer mwaka 1843 na Tannhäuser mwaka 1845. Mei 1849 watu wa Dresden waliinuka dhidi ya mfalme wao. Semper na Wagner wote wawili walikuwa upande wa waasi, na wote wawili wakakimbilia uhamishoni. Miaka ishirini baadaye, tarehe 21 Septemba 1869, nyumba ya Semper iliteketea kwa uzembe wa mafundi, na raia wakadai kwamba hakuna mwingine apewe kazi ya kuijenga ila yuleyule aliyetafutwa na askari. Semper alichora ramani, mwanawe Manfred akasimamia ujenzi, na mwaka 1878 ikafunguliwa.

Wagner, kwa upande wake, aliyachukia maroshani ya watukufu, na alipopata msaada wa Mfalme Ludwig wa Pili wa Bavaria alijenga juu ya kilima cha Bayreuth nyumba isiyokuwa na maroshani ya ubavuni, okestra imefichwa shimoni, viti vyote vikielekea jukwaani na ukumbi ukiwa gizani. Ilifunguliwa Agosti 1876. Nyumba hiyo imekwisha andikiwa vitabu vingi, nami naipita.

Novemba 1918 wafalme wa Kijerumani wote walianguka ndani ya wiki chache, na nyumba zao za opera zikawa za serikali za majimbo na za miji. Berlin ilikuwa imechafuka kwa vita vya barabarani, kwa hiyo wawakilishi wa dola mpya walikutana Februari 1919 katika jumba la tamthilia la Weimar, mji ambao jumba lake la zamani liliwahi kuongozwa na Goethe tangu 1791 hadi 1817. Waliketi kwenye viti vya watazamaji, na humo tarehe 31 Julai wakapitisha katiba ya jamhuri ya kwanza ya Ujerumani. Katiba hiyo haikudumu. Machi 1933 wafuasi wa Hitler walimzomea kiongozi wa muziki wa Dresden, Fritz Busch, ndani ya nyumba aliyoitumikia, wakamfukuza. Wasanii wa Kiyahudi walitolewa katika kazi zao nchi nzima, na wengi hawakuokoka. Tarehe 1 Septemba 1944 majumba yote yalifungwa kwa amri, na mabomu yakafanya yaliyobaki. Nyumba ya München ilikuwa imekwisha bomolewa Oktoba 1943. Dresden iliteketea usiku wa tarehe 13 Februari 1945. Berlin, iliyopigwa mwaka 1941 na kutengenezwa haraka, ilipigwa tena mwezi huohuo.

Hapo ndipo ungaliweza kutarajia watu wenye njaa, wanaolala katika mahandaki, waseme kwamba mambo ya opera basi. Hawakusema hivyo. München walichanga fedha mpaka wakaifungua nyumba yao Novemba 1963. Jumba dogo la Cuvilliés la mwaka 1753, ambamo Mozart alionyesha Idomeneo mwaka 1781, lilikuwa limeokolewa kwa mikono: maroshani yake ya mbao yalifunguliwa kipande kwa kipande na kufichwa kabla ya mabomu, yakarudishwa kusimama mwaka 1958. Dresden, ndani ya dola ya kikomunisti ya Ujerumani Mashariki isiyokuwa na sababu ya kupenda kumbukumbu za wafalme, magofu yalilindwa yasibomolewe, jiwe la msingi likawekwa mwaka 1977, na mafundi wakajifunza upya ufundi uliokuwa unasahauliwa wa kugeuza plasta kuwa marumaru na kuipaka rangi hata ionekane kuwa mbao ya mwaloni. Ilifunguliwa tarehe 13 Februari 1985, miaka 40 kamili tangu iteketee, kwa Der Freischütz ya Carl Maria von Weber, opera ileile iliyochezwa mwisho, Agosti 1944, kabla ya kufungwa.

Nyumba ya Berlin ilijengwa upya na msanifu Richard Paulick na kufunguliwa mwaka 1955. Baada ya Berlin ya Mashariki na ya Magharibi kuungana ilionekana kuwa inahitaji matengenezo makubwa, na mwaka 2008 majaji wa mashindano ya usanifu waliuchagua mchoro wa kisasa uliofuta kabisa ukumbi wa Paulick. Watu wa Berlin walipinga kwa nguvu, magazetini na katika mikutano, na uamuzi ukatenguliwa. Ukumbi ukabaki na sura yake, ila dari yake ikainuliwa karibu mita tano ili sauti ipate nafasi. Kazi ilikadiriwa kwa miaka mitatu, ikachukua saba, ikagharimu euro milioni 400 za walipa kodi, na manung'uniko yalikuwa mengi, kama ilivyo haki ya mwenye mali kunung'unika juu ya mali yake. Nyumba ilianza kazi ya kila siku tarehe 7 Desemba 2017, miaka 275 tangu usiku ule ambao hakuna aliyeingia ila aliyealikwa na mfalme.